Kitufe cha jakuzi kilikwama: nyota nne kwa fundi wetu wa Tegeta, Dar es Salaam

Nampa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki nitaeleza imekwenda wapi. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona kwa miaka 26, kwa hiyo nikimwona mtu anashika kazi ya mikono huwa namtazama vidole kabla sijamsikiliza maneno. Kijana huyu nilimtazama siku mbili, muda mwingi akiwa amelala ubavu kwenye sakafu ya bafuni kwetu, na ninayoyaandika hapa nimeyaona mwenyewe.

Kaka yangu alipojenga nyumba hii alifunga jakuzi, yaani bafu la kujilaza lenye pampu inayorusha maji kwenye matundu, kwa ajili ya mama. Mama ana miaka 78 na magoti yake yameshikwa na baridi yabisi. Asubuhi za masika hawezi kushuka kitandani mpaka akandwe. Robo saa kwenye maji ya vuguvugu, matundu yakimpigia maji mgongoni na magotini, humwezesha kutembea mpaka barazani bila mkongojo. Kwa hiyo naomba msomaji asidhani naandika habari za starehe. Hata jina lenyewe lilianzia kwenye maradhi kama ya mama. Jacuzzi ni ukoo wa Kiitaliano uliohamia California, wakawa watengenezaji wa pampu za visima. Kenneth, mtoto wa Candido Jacuzzi, alipata baridi yabisi akiwa bado mdogo sana, na mwishoni mwa miaka ya 1940 baba yake akamtengenezea pampu ya kutumbukiza kwenye bafu la nyumbani ili apate nyumbani matibabu ya maji aliyokuwa akiyafuata hospitali. Mwaka 1968 Roy Jacuzzi, wa ukoo huohuo, akatoa bafu lenye matundu na pampu yake humohumo. Nilimsomea mama habari hiyo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Maskini, mzazi yule naye alihangaika."

La kwetu si la kampuni hiyo. Ni la kawaida, la plastiki nyeupe, lenye matundu sita, kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima, na kando yake koki ndogo ya kuzungusha ambayo huongeza au kupunguza hewa inayochanganyika na maji. Koki ndiyo iliyotangulia kugoma. Ilikwama ikiwa imefungwa, maji yakawa yanatoka bila mapovu na bila nguvu, na mimi nikapuuza kwa mwezi mzima kwa sababu mama hakulalamika.

Kitufe kilikwama Jumanne moja jioni mama akiwa majini. Nilibonyeza ili nizime, kikazama, kikabaki chini. Pampu ikaendelea kuzunguka. Nikakichokonoa kwa ukucha, hakikuinuka. Hapo nikafanya kosa ambalo nawasihi wengine wasilifanye: nilizibua maji kabla ya kuzima umeme. Maji yaliposhuka usawa wa matundu, yakaanza kuruka ukutani mpaka darini, na mlio wa pampu ukabadilika ukawa wa kukwaruza. Mama akapiga ukelele. Nikakimbia nje kwenye breka, nikaishusha. Niliporudi nilimkuta ameshika ukingo kwa mikono yote miwili, anatetemeka, na nilimfunga kanga nikiwa natetemeka vilevile. Baadaye fundi aliniambia kwamba sili, kile kizuizi cha kuzuia maji yasivuje kwenye pampu ya namna hii, hupozwa na maji yanayopita ndani yake, na ikizunguka kavu huungua upesi. Ukikuta kitufe hakizimi, nenda kwenye breka kwanza. Maji yaache yalivyo.

Duka lililotuuzia lilimtuma mtu wake. Alikaa dakika kumi. Aliishika koki kwa plaizi na kuizungusha kwa nguvu, ikatoa mlio, kifuniko chake kikapasuka ukingoni. Kitufe alikikandamiza kwa kidole gumba mara tano, sita. Kisha akasema kontroli yote imekufa, inabadilishwa nzima, na kwa kuwa jakuzi limezungushiwa marumaru ni lazima ling'olewe. Shilingi 1,450,000. Hakuuliza swali hata moja na hakuinama kuchungulia chini. Iliniuma. Mteja akiniletea gauni ambalo zipu yake imegoma, siwezi kumwambia gauni limekufa kabla sijaipitisha zipu mshumaa kwenye meno nikaona kama itateleza.

Jirani anayefuga kuku ndiye aliyenipa namba ya kijana aliyemtengenezea pampu ya kisima. Alifika siku iliyofuata akiwa na mfuko mmoja wa vifaa begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Kabla hajagusa chochote akauliza, "Maji mnayotumia ni ya bomba la Dawasa au ya kisima?"

Nikamwambia ya kisima.

"Naomba kuona birika lenu la chai."

Nilishangaa, lakini nikamletea. Akalifunua, akakwangua ndani kwa ukucha, akanionyesha unga mweupe kwenye ncha ya kidole. "Hiki ndicho kilichoko kwenye kitufe chako, mama. Na kwenye koki."

Sisi wa Tegeta tunaishi ubavuni mwa Wazo, mlima unaochimbwa mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji, na sikuwahi kuunganisha mlima ule na birika langu. Maji ya kisima yakipita kwenye mawe ya namna hiyo hubeba chokaa ambayo huwezi kuiona kwa macho. Tone likikauka, maji huenda zake na chokaa hubaki. Kitufe cha jakuzi hulowa na kukauka kila siku, na pembeni mwake pana mwanya mwembamba ambao kitambaa cha kufutia hakifiki. Tone juu ya tone, miaka mitatu.

Sehemu inayofuata nataka niieleze taratibu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nimwamini.

Waliotujengea waliacha kidirisha cha marumaru moja upande wa pampu. Akahakikisha breka imeshuka, akaingiza mkono, akachomoa kwenye swichi ya pampu mpira mwembamba kama ule wa dripu ya hospitali. Mahali pake akachomeka mpira wake mrefu, akauvuta mpaka mlangoni. Akaniambia nijaze jakuzi mpaka maji yapite matundu ya juu kwa vidole vinne. Alipokuwa amesimama mlangoni kwenye sakafu kavu, ndipo akaniomba nipandishe breka. Pampu ikanguruma hapohapo, maana ilikuwa imeachwa ikiwa imewashwa tangu ile jioni. Akaupuliza mpira kwa mdomo, pumzi moja fupi. Pampu ikanyamaza. Akapuliza tena, ikawaka. Mama, aliyekuwa kwenye kiti chake ukumbini, akapiga makofi.

"Mota nzima, swichi nzima," akasema. "Ubovu uko kwenye kitufe au kwenye mpira wake. Hakuna kingine."

Nikamuuliza inakuwaje pumzi iwashe mota. Akanieleza kwamba chini ya kitufe kuna kifuko cha mpira chenye mikunjo, kama mvukuto mdogo wa mhunzi. Ukibonyeza, hewa inasukumwa kwenye ule mpira mwembamba mpaka kwenye swichi iliyo pembeni ya pampu; humo kuna utando unaosukumwa na hewa, nao unagusisha nyaya. Ukibonyeza tena unaziachanisha. Kwenye kitufe chenyewe hamna umeme kabisa, na kimetengenezwa hivyo ili mtu mwenye mikono ya maji asiwe karibu na waya. Kwa miaka mitatu nilikuwa namkataza mama asikiguse nikiogopa atapigwa shoti.

Sasa niseme kuhusu nyota iliyopungua.

Ili akifikie kitufe ilibidi akate marumaru mbili upande wa pili. Hilo nilikubali. Lakini hakuniambia grenda itatoa vumbi la namna ile. Nilikuwa nimetundika magauni matatu ya wasimamizi wa harusi chumba cha jirani, mlango wazi, na yote yalipata vumbi jeupe mabegani. Nilikesha nikiyapiga brashi. Marumaru moja ilitoka nzima, ya pili ikapasuka katikati. Na siku ya pili aliahidi kuja saa mbili asubuhi akafika saa tano bila kupiga simu, mama akiwa hajaoga kwa kumsubiri. Nilimwambia vyote hivi usoni, akaomba radhi vizuri, hakutafuta kisingizio. Lakini mteja mwingine ajue: funika vitu vyako, funga milango, na mpigie mwenyewe asubuhi kumkumbusha.

Kazi yenyewe sasa. Alifungua nati ya plastiki chini ya kitufe kwa mkono, polepole, akakitoa. Pembeni kilikuwa na gamba kama ukoko wa wali, gumu, lina matabaka. Akaniomba siki nyeupe na bakuli. Tukaipasha siki kidogo, akakitumbukiza, papo hapo mapovu madogo yakaanza kupanda. Ndiyo chokaa ikiyeyuka. Baada ya dakika 40 akakitoa, akakibonyeza, kikarudi juu: tap. Nilitaka kushangilia. Yeye hakushangilia. Alikizamisha kwenye maji safi akabonyeza tena, na uzi mwembamba wa mapovu ukatoka kwenye mkunjo mmoja wa kile kifuko. "Umeona? Mpira umepasuka. Nikikirudisha hivi kitafanya kazi wiki moja, halafu utaniona mwongo." Angeweza kukirudisha achukue hela yake aondoke. Nisingejua. Kipimo hiki cha kukizamisha majini ndicho kilichomtofautisha kwangu na mafundi wengine wote walioingia nyumba hii.

Kitufe kingine kilikuwa cha kutafutwa Gerezani, Kariakoo. Akapima kipenyo cha tundu kwa rula yangu ya kushonea, akaandika kwenye kiganja, na kitufe cha zamani akakitia mfukoni ili aende akakilinganishe dukani mkononi.

Kabla hajaondoka jioni ile akashughulikia koki ya hewa. Alizungushia kitambaa kilicholowa siki, akakifunika kwa mfuko wa nailoni, akakifunga kwa rababendi. "Mama, usiiguse mpaka kesho. Hata ukitamani." Kisha akaona ndoo niliyokuwa nimeandaa ya kusafishia bafu, yenye jiki. Akasimama. Akaniambia siki na jiki zikikutana hutoa gesi ya klorini, na kwenye bafu dogo kama lile inaweza kumuumiza mtu mapafu, sembuse mama mtu mzima. Tukaimwaga ndoo nje, tukafungua dirisha. Nilikuwa sijui hata kidogo, na nimesafisha mabafu maisha yangu yote.

Kesho yake, alipofika hiyo saa tano, akavua kitambaa na kuishika koki kwa vidole viwili. Kidogo mbele, kidogo nyuma, kidogo mbele. Hakuwa na plaizi mkononi. Kama dakika tatu hivi hakuna kitu, kisha nikasikia mkwaruzo kama wa mchanga, ikaanza kuzunguka. Kile kijiti cha ndani ni cha plastiki, aliniambia, na mwenye nguvu hukikata. Ndipo koki nzima inalazimika kubadilishwa. Ndani tulikuta oringi mbili, vipete vya mpira vya kuzuia uvujaji, zilizolalia upande mmoja na kukauka. Akaweka mpya.

Hapo nikataka kusaidia. Nikamletea mafuta ya cherehani yangu, maana ndiyo ninayoyaamini kwa kila kitu kinachozunguka. Akacheka kwa adabu. "Haya ni mazuri kwa chuma, mama. Oringi ni mpira. Mafuta yatokanayo na petroli huweza kuuvimbisha, hata yale ya mgando ya kujipaka. Utaniita tena mwezi ujao." Akapaka grisi ya silikoni, kiasi cha punje ya mchele tu, akaisambaza kwa kidole. Kifuniko kilichopasuliwa na yule mtu wa kwanza alikigundisha, ufa unaonekana lakini hakichezi.

Gharama yote, kwa anayetaka kulinganisha: ufundi shilingi 70,000, kitufe kipya 28,000, oringi mbili 4,000, grisi 6,000, na kichupa kilichobaki ameniachia, nauli ya kwenda Gerezani na kurudi 8,000, kimlango cha alumini cha kuziba pale palipokatwa marumaru 15,000. Jumla 131,000. Hana risiti, na hilo ni upungufu kwa mwenye nyumba ya wageni au ofisi. Mimi nilimwomba akaniandikia kwenye daftari langu la vipimo, akaweka sahihi. Vifaa vya zamani alinirudishia vyote kwenye mfuko, bila kuombwa. Hii tabia naipenda. Mimi pia mteja wangu humrudishia vipande vya kitambaa vilivyobaki.

Kile kimlango cha alumini ni muhimu kuliko nilivyodhani. Kinafungwa kwa skrubu nne, na sasa mtu akitaka kuona chini ya kitufe hahitaji grenda. Kama unajenga na unafikiria kuweka jakuzi, mwambie anayebandika marumaru akuachie mlango upande wa pampu na upande wa vitufe, wote wawili. Wetu aliacha mmoja tu, na umenigharimu marumaru mbili na usingizi.

Wiki ya tatu kitufe kikawa kinahitaji kubonyezwa mara mbili ndipo pampu isikie. Nilimpigia, akaja jioni ileile. Ule mpira ulikuwa umelegea mwishoni, pale unapovaa kwenye kitufe. Akakata kipande kidogo cha ncha iliyotanuka, akauchomeka tena na kuubana kwa kifungo cha plastiki. Hakutaka pesa ila nauli ya bodaboda. Hapo ndipo nilipoamua kuandika.

Niliyobadilisha mimi mwenyewe ni machache. Mama akimaliza kuoga nafuta kitufe na koki kwa kitambaa kikavu, na naizungusha koki mpaka mwisho huku na huku, kila siku, ili chokaa isipate mahali pa kutulia. Mwisho wa mwezi naviweka kitambaa cha siki kwa nusu saa na kusuuza. Sabuni ya povu nimeacha kuitia humo, kwa ushauri wake, maana povu hupanda mno pampu ikiwaka na mabaki yake huganda ndani ya mabomba. Kaka anataka kuleta mtambo wa kulainisha maji ya kisima. Bado tunajadiliana bei.

Marumaru iliyopasuka sijapata inayofanana nayo. Rangi ile ya krimu nimeambiwa haiji tena. Kwa hiyo nimebandika nyeupe, inaonekana, na kila nikiingia bafuni jicho langu linakwenda pale kwanza.

Miezi mitatu imepita. Jana jioni nilikuwa cherehani, chumba cha pili, napinda mkunjo wa sketi za shule, mlango wa bafuni uko wazi ili nimsikie mama. Nikasikia tap. Pampu ikanyamaza. Nikainuka haraka nikidhani kuna tatizo, nikamkuta ameegemea, maji bado yamejaa, kidole chake kilichopinda kiko juu ya kitufe. Amezima mwenyewe. "Endelea na kazi yako," akaniambia, "nitakuita."